Viazi vya Musa, Sauti Yangu

Juma lililopita mliniacha nimeduwaa stendi ya Makambako, kikapu mkononi, namsikiliza mtu anatangaza mbegu za viazi kwenye spika. Na mtu huyo alikuwa ni mimi.

Aliyekosa sehemu zile nimfupishie. Naitwa Oktavia, nyumbani Yakobi, Njombe. Ushirika wetu ulipokufa na kila mtu akaambiwa auze anachoweza, mimi niliuza kile alichonifundisha mama: mbegu ya viazi iliyokaa kichanjani mpaka ikachipua vizuri. Nikakodi kibanda Makambako. Biashara ikadoda. Mume wangu Marcelino akaumwa, ng'ombe akafa, hayo mnayajua, na kuyarudia nako kunachosha.

Kilichoniinua ni kaseti. Nilikwenda kwa mzee Abdulatif, yule anayerekodi kanda jirani na msikiti, nikatangaza mbegu zangu kwa sauti hii niliyoimbia kwaya tangu usichana. Spika juu ya kibanda, betri ya gari chini, watu wakaja. Nikaanza kulala usingizi.

Sasa sauti ileile ilikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya kibanda cha Musa.

"Kamwene! Kamwene akina mama, kamwene akina baba! Mbegu ya Oktavia ndiyo hii! Usiende mbali, ni hapa hapa, chini ya spika hii!"

Jamani, hiyo "hapa hapa" ndiyo iliyonimaliza. Wakati narekodi nilijua spika itakuwa juu ya kichwa changu, basi sikutaja mahali. Nani angewaza kwamba hapa itahama? Kumbe mwenye spika ndiye mwenye hapa.

Nikavuka barabara.

Musa alikuwa mgeni wa Makambako kama wengi wa pale. Alikuja na lori la chumvi, lori likaondoka, yeye akabaki. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la lumbesa anatafuna karanga.

"Musa, hiyo sauti ya nani?"

"Karibu dada Oktavia. Si ya kwako hiyo? Nzuri, wallahi."

Hata haya hana! Nilitegemea akatae, aape, nipate pa kuanzia ugomvi. Mtu akikubali moja kwa moja unamfanyaje?

"Umeniibia," nikamwambia.

"Nimekuibia? Na hapo unaongea na nini?" Akacheka mpaka karanga zikamtoka. "Ningekuibia ungekuwa bubu, dada. Wewe unayo, mimi ninayo. Nani kapungukiwa?"

"Watu wananunua kwako wakidhani wananunua kwangu."

"Si biashara huria hii? Mbona wauza sabuni wote wanaimba wimbo mmoja?"

Nikaziangalia hizo mbegu zake. Mbegu gani! Vilikuwa viazi vya kula, vile vidogo vinavyobaki chini malori ya Dar es Salaam yakishapakia, na vingine vimeunguzwa na baridi. Nilikibonyeza kimoja, kidole kikazama.

"Musa, hivi haviwezi kuota."

"Kwani mimi nimesema vitaota?" Akaielekeza spika kwa kidevu. "Wewe ndiye unayesema."

Na spika nayo, kama inamuunga mkono, ikaingia kwenye kile kipande cha Kibena. Hicho nilikiweka kwa ajili ya watu wetu tu. Kinasema: mbegu isipoota, usinung'unike na mkeo, njoo nyumbani kwetu Yakobi, nyuma ya kanisa, uulize kwa Oktavia, utakula, utalala, na nitakupa nyingine. Kibena nilikichagua makusudi. Kiswahili ni cha sokoni, mtu anaweza kukuahidi mbingu na asikupe hata kivuli. Ukimwambia Mbena kwa Kibena njoo nyumbani, umemwambia.

Musa alikuwa anatikisa kichwa kufuata mahadhi.

"Unajua hapo inasema nini?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Inasema nini?"

Sikumwambia. Nilijisemea moyoni, akijua si atakifuta? Acha kibaki, kiwe ushahidi wangu kwamba kanda ni yangu. Nikajiona mjanja. Ujanja wangu huo ndio ulionifikisha hapa nilipo leo, lakini twende polepole.

Nikaenda ofisini kwa mtendaji. Alikuwa anakunywa chai.

"Umeibiwa nini, mama?"

"Sauti."

Akaweka kikombe chini. "Mama, ukiibiwa kuku nitakusaidia. Nitaandika kuku, rangi yake, jogoo au tetea. Sauti naandikaje?"

"Andika sauti ya Oktavia."

"Na akirudisha, tutajuaje kama karudisha yote?"

Karani wake akaangua kicheko. Nikawaaga. Sikuwa na hasira hata, nilikuwa nimechoka tu, ule uchovu wa mtu anayeeleza jambo la kweli na kila akilieleza linazidi kuwa la kipuuzi.

Kutoka pale nikaenda kwa mzee Abdulatif.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Umemuuzia Musa kaseti yangu."

Mzee wa watu akashtuka. "Musa? Si shemeji yako?"

"Shemeji yangu!"

"Alikuja hapa akasema umemtuma. Mnafungua kibanda cha pili. Hata jina la mwanao alilitaja, mama Jeni anasema hivi, mama Jeni anasema vile. Ningemnyimaje shemeji?" Akajishika kichwa. "Subhanallah. Kanifanya mwizi na mimi mtu mzima."

Nikamwonea huruma, badala ya yeye kunionea mimi. Alisema atanirekodia nyingine bure, siku ileile.

"Safari hii utaje mahali," akanifundisha. "Na uwatahadharishe watu."

Nikatangaza kwa nguvu zangu zote: "Jihadharini na wanaoiga sauti yangu! Oktavia wa kweli yuko mkabala na pampu ya maji! Asiye na pampu ya maji si Oktavia!" Mzee akacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mvua za mwaka uliopita.

Kicheko chenyewe hakikudumu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na mimi nilikuwa na Musa ambaye ni yote mawili.

Gulio lililofuata nilifungua kibanda, nikawasha spika yangu, na kabla sijapanga hata debe la kwanza nikasikia ng'ambo:

"Jihadharini na wanaoiga sauti yangu! Oktavia wa kweli... ni hapa hapa, chini ya spika hii!"

Hakumhitaji tena Abdulatif. Alikuwa amekuja tu na redio kaseti yake, akasimama chini ya spika yangu kama mteja, akairekodi. Nilijua, maana hata honi ya basi lililopita wakati ule ilikuwamo. Pampu ya maji kaikata, mahali pake kabandika kipande cha kanda ya zamani. Onyo langu kaliacha, limempendeza. Na Kibena chote kakiacha kama kilivyo.

Basi tukawa Oktavia wawili tunazomeana kuvuka barabara, kila mmoja anamwita mwenzake mwigaji. Abiria wakashuka kwenye mabasi kuja kutazama. Mkulima mmoja alisimama katikati ya barabara na gunia lake tupu begani.

"Sasa Oktavia yupi?" akauliza.

"Mimi hapa!" nikapiga kelele. "Si unaniona?"

"Kukuona nakuona. Lakini yule ana bei nzuri."

Akaenda kwa Musa. Wakaenda wengi.

Mvua zikakaribia, walionunua wakanunua. Nikashusha spika yangu, nikaifunga kwenye khanga, nikarudi Yakobi na mbegu zilizobaki. Nilimwambia Marcelino yamekwisha. Tutapanda hizi wenyewe, Mungu akijalia mwakani tutaanza upya.

"Afadhali," alisema. "Ulikuwa umekonda kama ufito."

Mvua zikanyesha, na watu wakapanda. Yetu tukaiacha kichanjani kidogo, shamba letu la bondeni hulimwa mwishoni.

Siku moja asubuhi nafagia uwanja, nikamwona bibi kizee anakuja na kifurushi. Kasimama penye ua, hakubisha hodi, kasimama tu kama mtu aliyealikwa.

"Kamwene," akaniamkia.

"Kamwene, bibi. Shikamoo. Karibu ndani."

Kwetu mgeni haulizwi alichofuata kabla hajala. Nikapika ugali na maharage, akala taratibu, akanawa, akamsifia Jeni kwa kukua, akauliza habari za mama yangu marehemu. Anaitwa bibi Esteria. Ni mzaliwa wa huku kwetu aliyeolewa Mawengi, kule Ludewa. Aliposhiba ndipo akafungua kifurushi.

Nilinusa kabla sijaona. Kiazi cheusi, kimeoza mpaka kinatoa maji.

"Shamba zima ni hivi, mwanangu," akasema. "Basi nimekuja, kama ulivyosema."

Nikakaa chini.

"Bibi, si mimi niliyekuuzia."

"Nilikusikia kwa masikio haya."

"Ile ilikuwa kaseti."

"Kaseti ya nani?"

"Yangu. Lakini muuzaji ni Musa."

"Yule kijana mla karanga? Nilidhani kibarua wako." Hakuwa na hasira, na hapo ndipo penye kuuma. "Mwanangu, kwa uso ule ningenunua nini? Mimi nilikuwa napita tu. Miaka yote hii nimeishi Upangwani, kule Mawengi, nimezeeka na lugha ya wenyeji wangu. Nikasikia Kibena kinaniamkia pale stendi. Nikaitika. Watu walinicheka, bibi anaitikia spika! Kikaniambia njoo nyumbani, nikaona huyu ni mwanangu."

"Si mimi, bibi."

"Unasema si wewe kwa sauti ileile."

Ningesema nini, na kila nikisema nazidi kuwa Oktavia?

Marcelino akaniita chumbani.

"Mama Jeni, usifanye unachotaka kufanya."

"Sijasema kitu."

"Ndoa yetu si ya jana. Ile ni mbegu yetu ya kupanda. Mwache aende kwa Musa."

"Kaambiwa aje hapa."

"Na kaseti!"

"Na mimi, Marcelino. Musa kachukua kanda. Lile neno nililitoa mimi, kinywani mwangu, na jina la nyumba hii nikalitaja. Bibi katoka Mawengi kwa ajili ya neno lile, halafu nimwambie nini? Kwamba kwangu njoo nyumbani ni mchezo?"

Nikaenda kichanjani, nikampimia bibi madebe yake, idadi ileile aliyonunua kwa Musa. Akanishukuru kwa magoti. Alale kwanza, nikamwambia, mpaka apate gari la kurudi.

Kesho yake walikuja wawili. Keshokutwa sikuhesabu.

Walikuja wa Ludewa, walikuja wa Lupembe, wengine sijui hata wametoka wapi. Kila mmoja na kifurushi chake kinachonuka, na kila mmoja anaamkia vizuri, anakaa, anasubiri chakula. Laiti wangekuja na marungu! Mtu mwenye rungu utamfungia mlango. Huyu kavua viatu, anamwuliza mumeo hali ya kifua, utamwanzaje? Nilipika mpaka kuni zikaisha. Nilipima mbegu mpaka mikono ikawa inapima yenyewe. Na usiku nikilala nasikia ile sauti masikioni, usiende mbali, usiende mbali, nikatamani kuichukia, lakini utaichukiaje sauti yako?

Nilichoka, ndugu zangu. Nilichoka mwili, nikachoka moyo, nikachoka hata kulalamika.

Kichanja kikabaki fito. Marcelino akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Haya," akasema. "Sisi tutapanda kaseti?"

Kwa mara ya kwanza nikalia mbele za wageni.

Bibi Esteria, ambaye alikuwa bado kwangu, maana barabara ilikuwa imeharibika na magari ya Ludewa hayapiti, akaja akanikalia karibu. Kwa siku zote hizo alikuwa ananiona ninavyohangaika, na pole pole alikuwa ameelewa.

"Kumbe kweli hukuuza wewe," akasema.

"Si nilikwambia, bibi?"

"Uliniambia. Sasa nimeona." Akawageukia wale wengine waliokuwa uani. "Jamani, huyu mtoto kamalizwa. Twendeni Makambako. Twende wote, tukamshike yule Musa, naye alipe mbegu za huyu."

Wakasema twende. Tukapakia kwenye lori la mbao, wanaume wakiwa wamesimama, mimi na bibi tumeketi juu ya mbao zenyewe. Wakawa wanaimba. Nilijisikia nina watu. Kwa mwaka mzima sikuwahi kujisikia hivyo.

Tulipofika stendi, Musa hakuwapo.

Kibanda kilikuwa wazi, viazi vimeachwa vinavuja. Muuza maandazi wa jirani, Mwanaheri, akasema kapanda lori la kwenda Songea, hakuaga mtu, hata mahindi yake ya kuchoma aliyaacha jikoni. Spika alikuwa ameiacha inaimba. Betri ilikuwa inaisha, ikaivuta sauti yangu, nzito na ya polepole: "Mbegu... ya Oktavia... ndiyo hii..."

Chini yake lilisimama Landrova la polisi.

Askari wawili walikuwa wameinua nyuso wanaisikiliza. Waliolalamika si wale waliokuja kwangu tu. Kuna wasiojua Kibena, na hao hawakuwa na Yakobi ya kwenda, walikwenda kituoni.

"Afande," nikasogea.

Aliponisikia akageuka haraka, akanitazama mimi, akaitazama spika, akanitazama tena.

"Oktavia," akasema. Hakuuliza.

"Ndimi, afande, lakini..."

"Tunakutafuta tangu juzi."

"Aliyeuza ni Musa. Kaiga sauti yangu. Kibanda hiki ni chake."

"Huyo Musa yuko wapi?"

"Kakimbilia Songea."

"Na jina lake limeandikwa wapi hapa? Mimi nasikia jina moja tu." Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sura ya kuchoka kama yangu. "Una shahidi, mama?"

Ninao! Nina lori zima!

"Hawa wote, afande. Waulize."

Bibi Esteria hakusubiri kuulizwa. Akajipenyeza mbele, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Afande, msimwonee mtoto huyu. Huyu ni mwema, hamjapata kumwona mtu wa namna hii. Viazi vyangu vilioza, nikaenda kwake. Akanipikia, akanilaza, akanirudishia mbegu zangu, debe kwa debe."

"Alikurudishia?"

"Zote! Na hawa wote kawarudishia."

"Ndiyo, afande!" wakaitikia watu wangu kwa pamoja. "Katurudishia! Hakubakiza hata ya kwake!" Walikuwa wananitetea kwa nguvu zao zote, wengine wamenyoosha mikono juu.

Askari akaniangalia. Kisha akauliza, pole pole, kama anayetaka kweli kujua:

"Mama, mtu ambaye hakuuza, anarudisha nini?"

Nilifungua mdomo. Juu yangu ile spika ikasema, kwa Kibena, njoo nyumbani kwetu. Umati ukawa unanisubiri, na maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya sauti hiyohiyo.

Yule askari wa pili akafungua mlango wa nyuma wa Landrova.

"Ingia, mama. Utaeleza mbele ya safari."

Watu wangu wakapiga makofi. Walidhani napelekwa Songea kumwonyesha Musa. Ngazi ya gari ilikuwa juu, basi bibi Esteria akanishika kiwiko, akanisaidia kupanda.